Ng'ombe wa Kufuta Machozi

Ngagara, Quartier 6
Bujumbura, 12 Februari 2023

Tamim ndugu yangu,

Salamu za Bujumbura zikufikie huko Maskati pamoja na joto lake, ingawa nasikia la huko kwenu linatuzidi. Barua anakuletea jirani yetu anayekuja kutibiwa. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu tunaulizana hali mpaka muda unakwisha, na mambo mazito mimi na wewe tumeyaandika tangu ulipopelekwa shule Kigoma, Mama akanilazimisha nikuandikie ili usilie.

Jambo lenyewe ni Bihogo. Najua utasema mjane akikosa mume wa kugombana naye huanza kugombana na ng'ombe. Cheka, halafu unisikilize. Bihogo anaumwa ugonjwa nisioujua. Ilianza kwa kushtuka. Ilyasi, mchungaji wangu, akiweka ndoo chini, ng'ombe anaruka kama kachomwa. Huyu ndiye aliyekuwa akikamuliwa huku redio inalia karibu na sikio lake. Sasa nikimgusa shingo, ngozi yote inatetemeka. Juzi alimpiga Ilyasi teke la paja. Akigeuka, kichwa kinakwenda huku na kiuno kinakwenda kule, na akilala hawezi kuinuka mpaka tumsukume. Kula anakula. Unga wako anaumaliza na ndoo anailamba, lakini mbavu zimetoka nje.

Kwa unga huo Mungu akulipe. Mwezi huu tena magunia yamefika zizini Rukaramu, kama kila mwezi tangu nifiwe na mume. Gari la duka lako likipita, watu wananiambia, Ghanima, una ndugu. Nawajibu kwamba ndugu ni wengi, lakini huyu tumenyonya ziwa moja. Akija kwangu hapigi hodi, na mimi sikimbilii mtandio.

Wewe umeuza chakula cha mifugo nusu ya maisha yako. Niambie nifanye nini. Nina ng'ombe wanne tu, na nyumba yangu inasimama kwa miguu yao.

Dada yako,
Ghanima


Maskati, 3 Machi 2023

Dada yangu Ghanima,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chali, maana daktari wa mgongo amenikataza kukaa. Hapa ndugu wa baba wananihudumia vizuri, lakini hakuna anayenitania, na bila kutaniwa mtu hajui kama bado yuko hai.

Mama yangu aliponizaa akafa, Mama Sijaona alikunyang'anya ziwa moja akanipa mimi. Magunia yale si hisani. Ni mtoto anarudisha tone moja katika bahari, kwa hiyo usinishukuru tena.

Kuhusu Bihogo, sababu za ng'ombe kutetemeka ni nyingi. Kule Rukaramu mbwa wanazurura, huenda aling'atwa. Huenda alilamba betri ya gari iliyotupwa, madini yake yanapanda kichwani. Huenda ni ukoo wake tu, mama yake alikuwa na wazimu kidogo, unakumbuka alivyoingia msikitini siku ya Ijumaa. Lakini mimi ningetazama dawa ya kupe. Ilyasi anaichanganya mwenyewe? Anapima kwa nini, kwa kifuniko au kwa macho? Ulaya wamewahi kuwepo watu waliosema kwamba dawa ya wadudu inayomwagwa mgongoni inaingia kwenye uti na kuharibu ubongo wa ng'ombe. Mchungaji mvivu huua zizi zima huku anasali rakaa zote.

Daktari usimwite haraka. Wanakuja na maswali ya serikali, mwisho wanakufungia zizi. Na akifa, mzike mzima, kichwa chake kisikatwe. Nyama yake wewe na mwanao Khaled msiile, wala msimpe mtu. Mnyama aliyetulisha anastahili heshima hiyo.

Nduguyo,
Tamim


Ngagara, 9 Aprili 2023

Tamim,

Bihogo amekufa. Alianguka siku ya tatu ya Ramadhani, akalala ubavu mmoja akipiga miguu hewani kama anayekimbia, na macho yake yananitazama. Nilikaa naye. Khaled aliniambia Mama, ni ng'ombe, twende nyumbani tukafuturu. Nilibaki pale pale nikilia.

Nimefanya yote uliyosema. Ilyasi nimemfukuza. Nilimuuliza anapima dawa kwa nini, akasema kwa kifuniko, nikamwambia muongo. Alikusanya nguo zake, na kabla hajaondoka aliwajazia ng'ombe maji. Hilo la maji linanikera mpaka leo, sijui kwa nini.

Daktari alikuja, sikumwita mimi. Majirani wa zizi waliingiwa na hofu wakamleta. Anaitwa Callixte, anakaa Mutanga Nord, ni kijana, mpole, viatu safi mno kwa kazi yake. Akataka kichwa cha Bihogo. Alisema ubongo lazima ukatazamwe katika maabara ya nje, kwa sababu ugonjwa wa namna hiyo hauonekani kwa damu wala kwa macho. Nikamkatalia, nikamwambia kaka yangu amesema azikwe mzima. Akauliza, na anakula nini? Nikamwambia anakula unga wa ndugu yangu. Akauliza ndani ya unga mna nini.

Tamim, hapo nilipandwa na hasira. Tangu lini mtu akapewa zawadi akaifumua kuitazama matumbo? Nilimwambia kwetu kitu cha ndugu hakinuswi. Nikamwonyesha barabara.

Tulimzika yule masikini chini ya mkuyu, na chokaa juu. Funga yangu haina ladha. Niombee.

Ghanima


Mutanga Nord, 24 Aprili 2023

Mama Khaled,

Nakuomba radhi kwa siku ile. Ulikuwa na msiba, na mimi nilikuja na maswali. Naandika kwa kuwa ukisoma peke yako pengine hutanifukuza.

Sisemi najua kilichomuua Bihogo. Kichaa cha mbwa kingemuua kwa siku chache, na yeye aliumwa muda mrefu. Madini ya betri kwa kawaida hupofusha, na yeye alikuwa anaona. Dawa ya kupe, wako waliowahi kuituhumu, lakini haikuthibitika. Kuna ugonjwa wa ubongo ambao ng'ombe mzee huupata bila kuambukizwa, hakuna ajuaye kwa nini, ila Bihogo hakuwa mzee. Inabaki sababu moja, ndiyo iliyowaua ng'ombe wengi sana Ulaya zamani. Walilishwa ng'ombe wenzao. Mabaki ya machinjio, nyama na mifupa, yalisagwa yakatiwa katika unga ili maziwa yaongezeke. Aliyekula mgonjwa naye akawa mgonjwa, na ubongo ukatoboka vitundu vitundu kama sifongo. Moto wa kupikia hauuondoi ugonjwa huo. Unakaa mwilini miaka kabla haujajitokeza. Maziwa hayajaonekana kuubeba, kwa hilo tulia.

Hapa kwetu sijui mtu aliyeuthibitisha, na sitaki kuzua hofu. Ndiyo sababu nilikitaka kichwa. Ng'ombe mwingine akianza kushtuka, tafadhali niite kabla hujamzika. Na unga ule uusimamishe kidogo, hata kama ni wa ndugu.

Kwa heshima,
Callixte


Maskati, 30 Mei 2023

Dada,

Pole kwa Bihogo. Nilifurahi kusikia amezikwa kwa heshima, na ulimjibu vema yule daktari. Nakala ya barua yake uliyonitumia nimeisoma. Ni kijana aliyesoma vitabu vya Wazungu, anaona simba kila penye majani. Ugonjwa huo ni wa kwao. Usisumbue kichwa chako, na unga usiukatize ghafla, ng'ombe wa maziwa akibadilishiwa chakula hukauka.

Sasa sikiliza jambo la furaha. Nimemwambia mke wangu Houda akushumbushe. Sisi ni Waarabu kwa majina, lakini tumezaliwa Burundi, na huko aliyefiwa na ng'ombe haachwi na machozi yake, anapewa mwingine. Atakuletea Bugondo, mtamba wetu wa nyumbani Kinindo, yule mwenye madoa. Ni mzuri kuliko wote nilionao. Mpokee kwa desturi zote, na Houda ataisimulia sifa yake kama inavyotakiwa. Nimemfundisha mwenyewe kwa simu.

Usiwe na huzuni tena.

Tamim


Ngagara, 16 Julai 2023

Tamim,

Bugondo alifika Jumapili baada ya Idi. Houda alimleta kwa gari, amevaa vizuri kama anakwenda harusini, na alikuja na chungu cha maziwa kama inavyotakiwa. Majirani walijaa zizini. Tukapiga vigelegele. Nililia mbele ya watu, nikasema hakuna mwanamke mwenye ndugu kama mimi.

Halafu Houda akasimama kumkabidhi. Unajua desturi, anayetoa anataja jina la ng'ombe, mama yake, tabia yake, na anachokula, ili mpokeaji asimkosee. Aliyasema kwa sauti, kwa fahari, mkono wake uko juu ya mgongo wa mtamba. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka.

"Uyu ni Bugondo. Mama yake alizaliwaka kwetu. Anakula majani, pumba na chumvi, basi. Ule unga ya duka, ya mu sac, ajakulaka hata siku moja. Baba Mazin alikatazaka ng'ombe zetu zisikule, toka mwaka ule Mazin alioa."

Watu wakapiga makofi. Kwao ilikuwa sifa, ng'ombe safi wa majani. Mimi nilibaki nimeshika kamba.

Nilimvuta Houda pembeni nikamuuliza kwa nini ulikataza. Alishangaa swali lenyewe. Akasema hajui, ulisema tu kwamba ule ni wa kuuza. Wifi yangu hana hila, Tamim. Angejua anabeba nini mdomoni asingekuja na chungu cha maziwa.

Nilirudi nyumbani nikakumbuka harusi ya Mazin. Nilipika pilau yako siku tatu. Tangu harusi hiyo mpaka leo magunia yamefika zizini kwangu kila mwezi, hukukosa hata mwezi wa kufungwa kwa mipaka. Nikaichukua barua yako ya Machi. Humo uliniambia nitazame mbwa, betri, ukoo, dawa ya kupe. Ukaniambia nyama tusile. Mimi nikadhani ni heshima ya mnyama.

Gaju, ng'ombe wangu mwingine, ameanza kushtuka wiki iliyopita.

Nina swali moja tu, na usinijibu kwa methali. Ulijua?

Ghanima


Maskati, 21 Agosti 2023

Dada yangu,

Nimeandika na kuchana. Umenikataza methali, na bila methali naona sina nguo.

Nilijua nusu. Mwaka wa harusi ya Mazin, msagaji anayenisagia unga aliniambia akicheka kwamba siri ya maziwa mengi ni mifupa na mabaki ya machinjio. Alidhani nitampongeza. Baadaye mgeni mmoja kutoka Ubelgiji alinisimulia habari za ng'ombe wa kwao, yale yale aliyokuandikia daktari. Nikamwambia msagaji aache. Akasema ameacha. Sikwenda kuangalia. Nilirudi Kinindo nikawakataza wangu wasile, kwa tahadhari tu, nikajiambia kwamba ni tahadhari.

Utaniuliza, na wangu mimi? Dada, ningekuambia nini? Magunia yangekosa mwezi mmoja ungefika dukani kabla ya adhuhuri kuuliza nimekosa nini. Wewe siri hukai nayo. Ngagara ingejua, Buyenzi ingejua, na duka aliloliacha baba lingefungwa kwa jambo ambalo huenda halipo. Kusimamisha zawadi yako kungekuwa kukiri. Kwa hiyo niliendelea kupeleka. Kila mwezi nilijiambia, hajaumwa ng'ombe hata mmoja, basi ni salama. Barua yako ya Februari ilipofika, nilikuandikia yale ya mbwa na betri. Ilyasi nilimtupa mbele ili usitazame nyuma yake. Nyama niliwakataza kwa sababu nawapenda. Hilo moja ni kweli, liamini.

Sikukusudia. Nisamehe kwa ziwa la Mama Sijaona.

Tamim


Ngagara, 8 Oktoba 2023

Tamim,

Gaju amekufa. Safari hii nilimwita Callixte mapema, na kichwa nilimpa. Alikikata mwenyewe, kwa heshima, nikashika taa ya simu maana ndani ya zizi palikuwa na giza. Majibu hayajarudi. Callixte anasema yanaweza kuwa ule ugonjwa, yanaweza kuwa kitu kingine kabisa, na yanaweza kuja bila jibu, kwa kuwa joto huharibu ubongo kabla haujafika. Wawili waliobaki bado wazima, lakini haruhusu wauzwe wala wachinjwe. Nawatazama kila asubuhi nikiweka ndoo chini. Nikiona ngozi imetulia, nasema alhamdulillahi, halafu nasubiri kesho.

Nataka ujue kwamba majibu hayo kwako hayabadilishi kitu. Daktari akija kesho akaniambia Bihogo aliuawa na mbwa, au na betri, au na uzee, wewe utabaki pale pale. Uliogopa chakula kile kwa ng'ombe wako, hukukiogopa kwa wangu. Mambo ya ubongo siyajui. Hili nalijua.

Unasema mimi siri sikai nayo. Kweli. Nimewaambia Rukaramu, nimewaambia Ngagara, na dukani kwako nilikwenda nikawaambia wanunuzi mmoja mmoja, wakiwa wameshika magunia yao. Houda alikuwepo. Nilidhani atanifukuza. Alikaa juu ya gunia akajifunika uso, kisha akamwambia mwuzaji afunge mlango. Usimlaumu. Alisema hata yeye hukumwambia.

Nilikwenda Buyenzi kumtafuta Ilyasi. Anaosha magari nyuma ya gereji. Nilimwomba radhi, akaendelea kukamua kitambaa. Nikamwambia kwa nini hukujitetea? Akasema, "Mama Khaled, mi nilikuwa mutumishi, yeye ni ndugu. Ulisikiliza ndugu. Ata mi ningefanya vile." Hakunitukana. Nilitamani anitukane, ningeondoka na kitu mkononi.

Kazi yangu hakuitaka tena. Kwa hiyo Bugondo nimempa yeye. Nilimkabidhi kwa desturi zote, nikataja jina, nikataja mama yake, nikasema anakula majani, pumba na chumvi. Amempeleka kwa mama yake Rumonge. Ulimtoa ng'ombe huyo kufuta machozi, na aliyelia bila kosa ni Ilyasi. Mimi machozi yangu yana sababu nyingine, na ng'ombe hayafuti.

Umeniomba msamaha kwa ziwa la Mama. Nimemuuliza sheikh, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu. Nilimuuliza kama udugu wa kunyonya unaweza kuvunjwa. Akasema hapana. Mume na mke huachana, shirika huvunjika, lakini maziwa yaliyokwisha kunywewa hayarudi. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikakaa uani penye jiko, pale Mama alipokuwa akitukalisha, wewe goti hili mimi goti hili. Alikuwa ananipa mimi ziwa la pili, baada yako. Alisema mgeni kwanza. Mpaka amekufa hakutofautisha, na laiti angekuwa hai leo nisingethubutu kumwambia.

Kwa hiyo wewe bado ni ndugu yangu. Sina la kufanya. Ukifa kabla yangu nitakaa matanga yako, na nikifa kabla yako wewe ndiye utakayenishusha kaburini. Mgongo wako ukipona urudi. Mlango wangu siwezi kukufungia.

Lakini utapiga hodi, Tamim. Utasubiri nje kama wanavyosubiri wengine. Na nitakapokuja kukufungulia, nitakuwa nimejifunga mtandio.

Ghanima